Mwitu Usio na Mbingu: Van Gogh na Picha za Kutundika Ukutani

Wachoraji wa Kifaransa wa karne ya 19 walikuwa na neno moja, sous-bois, ambalo mfasiri wa Kiswahili hulizunguka kwa taabu. Si "msitu", maana msitu waweza kutazamwa kwa mbali, kutoka juu ya kilima, ukaonekana kama zulia lililotandazwa. Wala si "kichaka", maana kichaka ni kitu cha kuzungukwa na kuepukwa. Neno hilo lataja mahali alipo mtu akishakwisha kuingia: mashina yamemsimamia kila upande, majani yamemfunika juu, na miguu yake imo katika kila kiotacho kivulini. "Chini ya mwitu" ndiyo tafsiri iliyo karibu kuliko nyingine, ingawa mzungumzaji wa pwani akiisikia atauliza papo hapo: na chini ya mwitu kuna nini? Hilo ndilo swali alilolirudia Vincent van Gogh kwa miaka minane, tangu The Hague mwaka 1882 hadi Auvers-sur-Oise mwezi Julai 1890, na kila aliporudi alijibu kwa namna nyingine.

Leo picha hizo zimekuwa bidhaa ya kuta. Mchoraji amekufa zaidi ya karne moja iliyopita, hakimiliki imekwisha, na mpiga chapa yeyote mwenye mashine nzuri anaweza kuitoa misitu hiyo juu ya karatasi au turubai kwa kipimo chochote atakiwacho. Hununuliwa kwa ajili ya sebule, vyumba vya kungojea madaktari, hoteli na ofisi. Wauzaji huzisifu kwa neno moja, nalo ni utulivu. Alizeti zimezoeleka mno, usiku wa nyota umeshachapwa hata kwenye vikombe na miavuli, lakini msitu bado unampa mwenye nyumba fahari ya kuwa amechagua asichochagua jirani. Tena kijani hakigombani na kiti wala pazia.

Mhakiki mwenye haraka angeweza kuishia hapo kwa dharau, akasema kwamba kazi ya mtu aliyeteseka imegeuzwa pambo, na msomaji akakubali kwa kutikisa kichwa. Dharau hiyo ina kasoro moja kubwa: Van Gogh mwenyewe asingeiunga mkono. Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa hiyohiyo ya kuuza picha za kutundika. Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 16, aliajiriwa katika tawi la The Hague la Goupil & Cie, kampuni ya Paris iliyofanya biashara ya picha za asili na, kwa wingi zaidi, ya nakala zilizochapwa kutokana na picha mashuhuri. Mwaka 1873 alihamishiwa London, kisha Paris, hadi alipoachishwa kazi mwaka 1876. Kwa miaka hiyo saba mikono yake ilishika chapa nyingi kuliko picha za rangi. Chumba alichokodi Montmartre mwaka 1875 alikipamba kwa nakala, na katika orodha aliyompelekea nduguye Theo imo "Kichaka" ya Jacob van Ruisdael, Mholanzi wa karne ya 17. Mti uliopindishwa na upepo, umechapwa kwenye karatasi, uko juu ya ukuta wa kijana mpweke ambaye bado hajajua kwamba atakuwa mchoraji.

Hata alipokwisha kuwa mchoraji hakuiacha imani hiyo. Mwaka 1882 huko The Hague alijaribu uchapaji wa mawe, akiwa na azma ya kutoa mfululizo wa picha za bei ndogo kwa nyumba za wafanyakazi. Wafanyakazi wa mpiga chapa wake walipoiona picha ya mzee wa nyumba ya maskini waliomba nakala waitundike, naye akamwandikia Theo kwamba hakuna tunda la kazi yake ambalo lingemfurahisha zaidi ya hilo. Miaka michache baadaye akawa anabandika chapa za Kijapani ukutani, kwanza Antwerp, kisha Paris, ambako yeye na Theo walikusanya mamia yake kutoka duka la Siegfried Bing. Naye alipokuwa Arles, mapema mwaka 1889, alimfananisha mwanamke abembelezaye mtoto aliyemchora na zile chapa za rangi za madukani za bei rahisi, na akafikiria jinsi picha hiyo ingewafaa wavuvi wa bahari ya Iceland ndani ya vyumba vya majahazi yao. Mtu huyu hakuuona ukuta wa mnyonge kuwa ni aibu kwa picha.

Basi haitoshi kuuliza kama msitu wake unastahili kutundikwa. La kuulizwa ni msitu upi, kwa kipimo gani, kwa rangi zipi, na ni nini kinachobaki ukutani baada ya mashine kumaliza kazi yake.

Somo la chini ya mwitu hakulianzisha yeye. Wachoraji wa kijiji cha Barbizon, akina Théodore Rousseau na Diaz de la Peña, walikuwa wamekwisha kuufanya msitu wa Fontainebleau kuwa madrasa yao, kiasi kwamba Rousseau alipambana na ukataji wa miti hadi sehemu za msitu huo zikatengwa, na amri ya mwaka 1861 ikahifadhi zaidi ya hekta 1,000 kwa sababu ya uzuri wake. Aghalabu hutajwa kuwa ni miongoni mwa mifano ya mwanzo duniani ya ardhi kulindwa kwa ajili ya macho ya watu. Misitu ya mabwana hao ni ya kahawia, ina kiza kingi, na karibu daima ina upenyo mmoja wa nuru unaomvuta mtazamaji ndani kama mlango ulioachwa wazi. Van Gogh aliwapenda. Lakini hatua kwa hatua aliufunga mlango huo.

Mwaka 1882 bado u wazi. Msichana aliyevaa nguo nyeupe amesimama msituni karibu na shina kubwa, chini pametapakaa majani makavu. Picha iko leo katika jumba la Kröller-Müller, Otterlo, jumba ambalo lenyewe limejengwa ndani ya mbuga yenye msitu, hata anayetoka hutoka picha akaingia miti. Kijana huyu alikuwa ndiyo kwanza aanze rangi za mafuta. Barua yake ya mwezi Septemba mwaka huo yaeleza jinsi alivyoshindwa kuyapaka mashina na mizizi ya msitu mwingine wa kupukutika majani juu ya ardhi iliyokwisha loa rangi, mapigo ya brashi yakawa yanazama. Basi akakamua rangi moja kwa moja kutoka kwenye bomba lake, akaifinyanga kidogo kwa brashi, na miti ikasimama, ikashika ardhi. Jambo hili si dogo. Mizizi yake ya mwanzo haikuchorwa, ilifinyangwa. Ina unene, ina kivuli chake yenyewe, na taa ya chumba ikisogezwa kivuli nacho husogea. Chapa ya karatasi haina chochote cha kusema kuhusu hilo.

Picha za Paris za mwaka 1887 zinaweza kupitwa upesi. Mchoraji amekutana na akina Seurat na Signac, amejifunza kuweka nukta za rangi ubavu kwa ubavu, na picha za miti na vichaka zilizopo Amsterdam zamwonyesha akijaribu ilimu hiyo kwa bidii ya mwanafunzi. Nuru imenyunyizwa kama mchele. Ni picha za kupendeza, na pengine ndizo zimfaazo zaidi muuzaji wa mapambo, maana hazimtaki mtazamaji kitu. Lakini nukta za Seurat ni za mtu mwenye subira, na Van Gogh hakuwa nayo; mara kwa mara nukta yake hurefuka ikawa mkwaju, mkwaju ukataka kwenda mahali, ukarudishwa. Mtu huona nidhamu iliyoazimwa.

Saint-Rémy ndiko mambo yalikogeuka. Tarehe 8 Mei 1889 aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, na kwa wiki za mwanzo hakuruhusiwa kutoka nje ya uzio. Alichokuwa nacho ni bustani: pana, yenye misonobari mirefu, nyasi zisizotunzwa na mashina yaliyofunikwa na aivi, ule mmea utambaao unaopanda mti hadi mti hauonekani gome. Humo alichora mairisi na malilaki, na humo akaanza kuyaangalia mashina. Moja ya picha hizo alimweleza Theo kuwa ni kiota cha majani cha wapendanao: mashina manene ya aivi, ardhi nayo imefunikwa, benchi la jiwe, na kijiti cha waridi hafifu katika kivuli baridi. Yafaa kulipima neno hilo. Anayeandika habari za kiota cha wapendanao yumo ndani ya ukuta wa hospitali, hana mpenzi, na benchi ni tupu.

Kilele cha mfululizo huo ni turubai la Julai 1889 lililo katika Jumba la Van Gogh, Amsterdam, lenye upana wa takriban sentimita 92 na kimo cha 73. Hapana mbingu. Hapana upeo wa macho, hapana njia, hapana mtu. Mashina yamekatwa na ukingo wa juu kabla hayajafika kwenye matawi, hivyo jicho haliwezi kupanda. Chini, ardhi yote ni majani madogo yaliyopigwa kwa mikwaju mifupi mifupi, kijani juu ya kijani, na mabaka ya nuru ya manjano na kijani kilichopauka yameangukia hapa na pale bila kuonyesha jua liko wapi. Jicho linatafuta pa kutokea, halipati, kisha, na hapa ndipo penye siri ya mvuto wake, linaacha kutafuta. Linatua. Linaanza kwenda taratibu kutoka baka hadi baka kama mtu aliyekubali kwamba leo hatoki.

Huo ndio utulivu wanaouza wauzaji, nao si uongo. Ila asili yake ni kufungiwa. Picha yenye mbingu humpa mtazamaji dirisha. Hii humpa ukuta mwingine, ukuta wa majani, umtundike juu ya ukuta wake wa chokaa. Pengine ndiyo sababu inakaa vizuri sebuleni kuliko mandhari ya milima: haijifanyi kuwa dirisha, haisemi uongo juu ya kilichopo nyuma ya matofali. Gustav Klimt, ambaye misitu yake ya miti myeupe ya miaka ya 1900 hushindana na hii katika maduka ya chapa, alifanya hila ileile ya kukata vilele vya miti, lakini kwake matokeo ni kitambaa kilichotariziwa, kizuri na kimya. Kwa Van Gogh majani hayanyamazi. Katikati ya Julai hiyohiyo ugonjwa ulimrudia, na kwa wiki kadhaa hakutoka hata bustanini. Mtu akijua tarehe hizo hawezi tena kuyaona yale mabaka ya nuru kuwa ni mapambo tu, japokuwa haki inataka isemwe pia kwamba picha yenyewe haiombi huruma na asiyejua tarehe hajakosea kuipenda.

Kwamba mchoraji aliithamini kazi hii kuna ushahidi. Alipoalikwa kuonyesha pamoja na kundi la Les XX huko Brussels, Januari 1890, alichagua picha sita. Mbili ni alizeti. Moja ni shamba la mizabibu mekundu, iliyonunuliwa na mchoraji Anna Boch kwa faranga 400. Na moja ni "Aivi", kazi ya chini ya mwitu. Yaani katika nafasi sita alizokuwa nazo za kujitambulisha kwa ulimwengu, moja aliupa msitu uliofungwa.

Auvers-sur-Oise, alikofika tarehe 20 Mei 1890, alianza kutumia turubai la umbo jipya: upana mara mbili ya kimo, takriban sentimita 50 kwa 100. Mashamba ya ngano huonekana ya kawaida katika umbo hilo, kwa kuwa shamba ni la kulala. Lakini mwishoni mwa Juni aliligeuzia msituni, mahali ambapo kila kitu kimesimama wima, na matokeo yake ni "Chini ya Mwitu na Watu Wawili", iliyo katika Jumba la Sanaa la Cincinnati, Marekani, tangu ilipoachwa kwa wasia mwaka 1967. Bila kusita, hii ndiyo bora kuliko zote.

Mashina ya mipopla, ya zambarau na samawati, yanakatiza turubai kutoka chini hadi juu. Yeye mwenyewe aliyafananisha na nguzo. Nyuma yao ni buluu nzito, karibu nyeusi. Mbele ni nyasi zilizojaa maua meupe, ya manjano, ya rangi ya chungwa. Na katikati ya nguzo hizo wanakuja mwanamume na mwanamke, wadogo, nyuso zao hazikuchorwa kwa undani, wanatembea sambamba. Wale wapendanao ambao kiota chao kilikuwa kitupu Saint-Rémy sasa wamefika. Lakini wamefika vipi? Hakuna njia nyuma yao wala mbele yao. Mashina yamepangwa kwa safu kama ya shamba la kupandwa na mkono wa mtu, na safu hizo zakimbilia pande zinazopingana, hata mtazamaji hajui amesimama wapi. Baadhi ya wahakiki husema kuwa wawili hao wanaonekana kama wamepotea. Yawezekana pia kwamba wao ndio pekee wasiopotea, kwa kuwa wako wawili, na aliyepotea ni anayewatazama.

Hapa ndipo chapa ya ukutani inapotenda dhambi zake mbili, moja ya kusameheka na nyingine ngumu.

Ya kwanza ni mkasi. Fremu za madukani nyingi si za uwiano wa moja kwa mbili, basi mpiga chapa hukata ncha za picha ili iingie, na mara nyingi hubakiza wale wawili katikati, kwa kudhani kwamba hao ndio habari. Mashina ya pembeni yakiondoka, watu wanakuwa wakubwa, wanakuwa wapenzi wa kadi ya harusi. Wingi wa nguzo ndio uliokuwa ukiwafanya wadogo. Ni sawa na kulikata shairi ubeti wa kwanza na wa mwisho kwa kuwa karatasi ni fupi: mizani iliyobaki ni sahihi, vina vipo, lakini shairi limekufa. Dhambi hii dawa yake ni rahisi, nayo ni kukataa kununua nakala iliyokatwa na kumtafuta seremala atengeneze fremu ya kipimo chake.

Ya pili haina dawa rahisi. Katika barua kwa Theo Van Gogh aliyaeleza maua ya nyasi hizo kuwa meupe, ya manjano, na ya waridi. Leo mtu akisimama mbele ya picha hiyo, waridi ni shida kuliona. Uchunguzi wa kikemia uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha sababu: waridi lile alilipaka kwa rangi iliyotengenezwa kwa eosini, rangi nyekundu ya kiwandani iliyoitwa jeranio, inayokufa ikipigwa na mwanga. Mengi ya maua yanayoonekana leo kuwa meupe yalizaliwa waridi. Watafiti walitafuta mabaki ya rangi hiyo nukta kwa nukta, kisha wakatengeneza kwa kompyuta sura ya picha kama pengine ilivyokuwa mwaka 1890. Jambo hili halikuikumba picha moja tu. Mairisi ya Saint-Rémy ambayo dunia inayajua kuwa ya buluu yalikuwa na zambarau iliyopotea kwa njia hiyohiyo.

Basi mpiga chapa achape ipi? Akichapa iliyopo Cincinnati leo, amechapa picha iliyonyauka, na kijani na buluu ndivyo vitakavyotawala, msitu utakuwa baridi kuliko alivyoupaka mwenye kuupaka. Akichapa ile ya kompyuta, amechapa makisio. Tena mambo yana mzunguko zaidi, kwa sababu mchoraji hakuwa mjinga wa jambo hili. Alimwandikia nduguye kwamba picha hunyauka mfano wa maua. Na mwezi Aprili 1888 alikuwa amekwisha kusema kwamba rangi za mtindo mpya hazidumu, kwa hiyo zitumike kwa ukali bila woga, maana wakati utazilainisha. Yaani alipaka kwa kuzidisha makusudi, akiuachia wakati sehemu yake ya kazi. Lau angeulizwa, huenda asingechagua siku ya kwanza wala siku ya leo, bali mahali fulani baina yao, siku ambayo haikupigwa picha na mtu.

Wauzaji wengi hawana habari ya mashaka haya, nao huongeza ukali wa kijani hadi majani yanakuwa kama ya plastiki. Hapo ndipo penye hasara halisi, kubwa kuliko ya mkasi. Buluu nzito ya nyuma ya mipopla inapogeuzwa kuwa buluu ya bahari, kina kinakufa. Nguzo zinakuwa mistari juu ya bango. Wawili wale wanakuwa wanatembea mbele ya pazia. Nakala ya rangi zilizofifia kidogo, iliyochapwa kwenye karatasi isiyong'aa, ina uaminifu zaidi kuliko turubai linalometa lililochapwa likajifanya lina unene. Karatasi inakiri kuwa ni karatasi. Chapa za Kijapani zilizobandikwa kwa pini katika vyumba vya Van Gogh zilikuwa karatasi, hazikujifanya kingine, na humo alijifunza kukata mti kwa ukingo wa juu.

Imebaki picha moja, ambayo wauzaji wa mapambo huikwepa, na wanajua wanalolifanya. "Mizizi ya Miti" ya Julai 1890, iliyo Amsterdam, ina umbo lilelile la mara mbili, lakini mtazamaji asiyeambiwa jina lake aweza kuitazama dakika nzima asitambue anachokiona. Mizizi ya buluu, mashina ya kahawia yaliyopinda, majani ya kijani kikali, udongo wa manjano ulioporomoka. Hakuna juu wala chini, hakuna mbali wala karibu. Sehemu zake hazikumalizwa. Sinema ya mwaka 1956, "Lust for Life", iliwafundisha watu kwamba picha ya mwisho ya Van Gogh ni ile ya kunguru juu ya ngano, kwa sababu kunguru wanafaa kwa msiba. Lakini Andries Bonger, shemeji yake Theo, aliacha maelezo kwamba asubuhi ya kabla ya kifo chake Vincent alikuwa amechora picha ya chini ya mwitu, iliyojaa jua na uhai. Watafiti wengi leo wanaiona "Mizizi ya Miti" kuwa ndiyo hiyo. Tarehe 27 Julai alijipiga risasi. Tarehe 29 alifariki, akiwa na miaka 37.

Jua na uhai: maneno ya Bonger yanapingana na kila anachotarajia msomaji wa wasifu wa Van Gogh, na bado mbele ya turubai ni maneno ya kweli. Mizizi ile haijafa. Ni ya miti iliyokatwakatwa, ya aina ikatwayo ikachipua tena kwa ajili ya kuni, na machipukizi yapo. Ukitundikwa sebuleni mwitu huu hautulizi mtu. Wageni watauliza ni nini, mwenyeji atalazimika kueleza, na siku ya tatu atautazama peke yake akagundua kwamba hata yeye hajui. Kwa hakika hiyo ni sifa. Kati ya misitu yote ya Van Gogh, huu ndio pekee ambao chapa haiupunguzii kina, kwa kuwa haukuwa nacho. Kila kitu kimeletwa mbele, sawia, kama kwenye chapa ya Kijapani.

Mahali penyewe palitambuliwa mwaka 2020 na mtafiti Wouter van der Veen, wakati ambapo watu walikuwa wamefungiwa majumbani kwa maradhi ya korona. Hakupekua hati za siri. Alikuwa na postikadi ya zamani ya Auvers, ya kati ya mwaka 1900 na 1910, moja ya zile kadi za kumbukumbu zilizouzwa kwa wapita njia, na siku moja akaona katika picha yake kile kisichoonekana na waliokuwa wakiiangalia kwa miaka: ukingo wa barabara ya Daubigny, mita kama 150 kutoka hoteli ya Ravoux alikokuwa akiishi mchoraji, umejaa mizizi iliyochomoza udongoni kwa mpangilio uleule. Wataalamu wa Amsterdam waliulinganisha na turubai wakakubali, na shina kubwa lilikutwa bado lipo, limefunikwa na aivi. Kwenye postikadi, kando ya mizizi hiyo, amesimama mwanamume na baiskeli yake.